Tunataka mkutano wetu wa kwanza wa watengeneza programu Mwanza: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu watatu tunaendesha kikundi cha watengeneza programu hapa Mwanza. Tunakutana kila mwezi, watu 20 hadi 25, wengi tunaandika Python na JavaScript. Sasa tunataka kuandaa mkutano wa siku moja wa watu kama 80. Hofu yetu ya kwanza ni fedha. Ya pili ni kwamba watu watakuja, watasikiliza, halafu watarudi nyumbani na fulana tu. Mimi mwenyewe yalinikuta nilipohudhuria mkutano mkubwa Dar es Salaam: nilikaa siku nzima sikuongea na mtu. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kukutana kila mwezi bila kukatika. Hiyo peke yake ni kazi.

Kilichonishika katika swali lako si fedha. Ni hilo la mwisho, kwamba ulikaa siku nzima hukuongea na mtu. Anzieni hapo. Mada nzuri siku hizi mtu anaitazama YouTube akiwa kitandani kwake. Anayepanda basi kutoka Shinyanga, au kivuko kutoka Ukerewe, anakuja kukaa na watu wanaofanya kazi kama yake, wanaokwama pale anapokwama yeye. Akirudi bila kuwapata, nauli yake imepotea bure na siku yake pia. Kwa hiyo ukumbi, ratiba na chakula, vyote vipimeni kwa kipimo kimoja: je, hiki kitamkutanisha na wenzake yule aliyekuja peke yake, au kitamwacha kwenye kiti chake?

Kwa kipimo hicho, udogo wenu ni mali. Warsha ya kwanza kabisa ya watumiaji wa Python ilifanyika Novemba 1994 katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kule Gaithersburg, Maryland. Walihudhuria watu kama 20, akiwemo Guido van Rossum mwenyewe aliyeitunga lugha hiyo. Ninyi mnafikisha idadi hiyo kila mwezi. PyCon yenyewe, mkutano mkuu wa watumiaji wa Python, ilianza kwa jina hilo mwaka 2003 pale Washington, yaani jumuiya ilikaa miaka mingi ikikutana kwa udogo kabla ya kuwa na mkutano wa maelfu ya watu.

Mimi ningepunguza hata hao 80. Mna watu 25 wanaojuana. Wakija wageni 35, kila mwenyeji anapata mgeni mmoja au wawili wa kuwashika mkono. Wakija 55, wenyeji watajikusanya kona moja, maana ndivyo watu tulivyo tukizidiwa, na wageni watabaki na simu zao. Anzeni na 60.

Kuhusu kamati sina mengi ya kuwafundisha, kwa sababu nyote mmeshakaa kamati za harusi na utaratibu ni uleule. Mmoja ashike fedha, mmoja ukumbi na chakula, mmoja mada na wazungumzaji, na wa nne ashike watu: usajili, mapokezi, na wale wa kujitolea. Huyo wa nne ndiye husahaulika, nami ningempa yule mwenye moyo wa kuwajua watu kwa majina. Pia amueni mapema nani ana neno la mwisho mkibishana, kwa sababu mtabishana wiki ya mwisho na hapatakuwa na muda wa kikao.

Sasa fedha. Mkutano wa siku moja una matumizi matatu yasiyokwepeka: ukumbi, chakula, na nauli za wazungumzaji wanaotoka nje ya mji. Fulana si mojawapo. Chukua mfano: fulana ya 12,000 kwa watu 60 ni 720,000. Chakula cha mchana cha 10,000 kwa watu haohao ni 600,000. Bei za kwenu mnazijua ninyi, lakini hesabu itakuja vilevile: ukiziacha fulana, watu wote wanakula. Na sahani ya pilau inawakalisha watu pamoja mezani, jambo ambalo fulana haiwezi.

Andikeni bajeti mbili. Ya kwanza ni ya mkutano mnaoweza kuufanya kwa viingilio vyenu na fedha iliyokwisha kuingia mkononi. Ya pili ni ya vitu vya kuongeza mdhamini akilipa. Harusini mnajua tofauti ya ahadi na fedha taslimu, nanyi msisaini mkataba wa ukumbi kwa kutegemea ahadi. Kwa wadhamini wa mjini kwenu, ombeni vitu kuliko fedha: mwenye duka la uchapaji achape kadi za majina, kampuni ya intaneti ilete laini ya siku moja, mwenye maji alete maji. Kutoa kitu alichonacho ni rahisi kwake kuliko kuandika hundi.

Python Software Foundation, shirika linaloitunza lugha ya Python, nayo imekuwa ikisaidia mikutano midogo sehemu nyingi za dunia, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa. Ila Agosti 2025 walilazimika kusitisha kupokea maombi kwa sababu fedha ya mwaka ule ilikuwa imefika ukomo. Dirisha likiwa wazi ombeni, lakini fedha hiyo ikae kwenye bajeti ya pili.

Mdhamini akiomba orodha ya barua pepe na namba za simu za washiriki, mkatalieni kwa upole. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ilianza kutumika mwaka 2023. Lakini hata kabla ya sheria kuna uaminifu: mtu alikupa namba yake ili umjulishe ukumbi uko wapi, hakukupa uiuze. Mdhamini mpeni meza karibu na chai. Anayetaka kazi kwake atamfuata mwenyewe.

Kiingilio tozeni, hata kiwe kidogo. Kwa uzoefu wangu, mkutano wa bure ukiandikisha watu 60, chakula huwa sijui nipikie wangapi. Siku yenyewe wanaweza kuja 30, wanaweza kuja 55. Aliyelipa hata 5,000 anakuja. Kwa wanafunzi wasio nayo, wekeni tiketi ya kumlipia mwenzio: mwenye kazi analipa mbili, moja yake na moja ya mtu asiyemjua. Wanaoinunua ni wengi kuliko mnavyodhani.

Tarehe yoyote mtakayochagua itamuumiza mtu. Ijumaa kuna swala, Jumapili kuna ibada, na kwa Kanda ya Ziwa Jumamosi inawagusa Wasabato, ambao ni wengi. Sikukuu ya kitaifa mara nyingi ndiyo inayoumiza wachache. Epukeni Ramadhani na wiki za mitihani. Hapo kwenu mnao wanafunzi wa SAUT na vyuo vingine, waulizeni ratiba yao kabla hamjatangaza. Na mchana wekeni muda wa swala ulioandikwa kwenye ratiba, si wa kuibia.

Ukumbi kaukagueni saa ileile mtakayoutumia. Mwaka mmoja nilikwenda kuuona ukumbi saa 10 jioni, ukanipendeza sana. Siku ya mkutano, saa 3 asubuhi, jua lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja na kutua kwenye kitambaa cha projekta. Msimbo (code) wa mzungumzaji ulikuwa na maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeusi; hakuna aliyesoma hata herufi moja mpaka tulipopata mashuka ya kufunika madirisha.

Jenereta nayo msiikubali kwa maneno. Ukumbi mmoja tuliambiwa ipo, na kweli ilikuwepo, ila haikuwa na dizeli. Umeme ulikatika katikati ya mada ya binti aliyekuwa anasimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa amefanya mazoezi wiki tatu. Slaidi zikazimika, maiki ikazimika, na yeye akapoteza uzi wa maneno yake. Tulikaa dakika 50 kusubiri dizeli. Aliporudi jukwaani sauti ilikuwa inatetemeka, na mimi niliyemwalika nilijua kosa ni langu. Tangu siku hiyo naomba jenereta iwashwe mbele yangu, na projekta na spika zikiwa zimeunganishwa, kwa nusu saa. Pia hesabuni soketi. Mkiwa na warsha ya watu 20 na soketi nne ukutani, nunueni au azimeni nyaya za ekstensheni za kutosha, na mzibandike sakafuni kwa gundi ya utepe mtu asijikwae.

Intaneti msimwahidi mtu. Watu 60 ni laptopu na simu, yaani vifaa 120 hivi, na ruta ya nyumbani haivihimili. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizogongana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, kwa hiyo hata mkileta ruta tano za aina hiyo zitapigiana kelele zenyewe kwa zenyewe. Mkipata zenye 5 GHz ni afadhali. Ila dawa ya kweli ni kuandaa warsha isiyohitaji intaneti. Wiki moja kabla, mwenye warsha aandike kwenye faili la requirements.txt orodha ya vifurushi vyake, yaani msimbo wa watu wengine ambao warsha yake inautegemea, avipakue kwa amri ya pip download -r requirements.txt, na folda nzima iwekwe kwenye flashi kumi. Mshiriki anasakinisha kwa pip install --no-index --find-links akielekeza kwenye folda ile. Angalieni jambo moja: baadhi ya vifurushi hutegemea toleo la Python na aina ya mfumo wa kompyuta, kwa hiyo pakueni kwa ajili ya Windows pia hata kama ninyi wenyewe mnatumia Linux, na kwenye flashi wekeni programu ya kusakinisha Python ya toleo hilohilo. Nimeona warsha za saa tatu zikila saa mbili kwa kusakinisha tu, na wanaoumia ni wanafunzi wenye kompyuta dhaifu, walewale mliowakusudia.

Kwenye wito wa mada, ombeni aya moja tu: unataka kusema nini, na msikilizaji atatoka na nini. Mkizisoma mara ya kwanza, majina yafichwe, ili mada ya mwanafunzi isipimwe kwa jina lake. Mada nzuri kwa mkutano mdogo ni ile ya mtu aliyefanya kitu na akaumia: tulihamisha hifadhidata ya hospitali ya wilaya ikatuchukua wiki nzima, hivi ndivyo ilivyokuwa. Huyu anajua mambo ambayo hayajaandikwa mahali popote. Mpeni dakika 25 na maswali 5, na kila anayezungumza mara ya kwanza afanye mazoezi mbele ya watu wawili wa kamati, siyo kwa simu, bali amesimama, na slaidi zinaonekana. Mwisho wa siku wekeni saa moja ya hotuba za dakika tano tano. Anayetaka ajiandikishe palepale, na dakika zikiisha ukumbi upige makofi, ashuke.

Kiswahili au Kiingereza? Mwacheni mzungumzaji achague, ila mwambieni waziwazi kwamba Kiswahili kinaruhusiwa, kwa sababu wengi hudhani hakiruhusiwi. DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, ilifanyika Zanzibar, Novemba 2023, na mkutano kama ule una wageni wa nchi nyingi, Kiingereza hakikwepeki. Wenu ni wa Mwanza. Mimi nimeliona mara nyingi: mada ya Kiingereza ikiisha, wanaonyoosha mikono ni wawili, walewale. Ya Kiswahili ikiisha, maswali hayaishi, na mengine yanatoka kwa watu waliokuwa kimya tangu asubuhi.

Kuhusu mgeni rasmi, mtashauriwa na watu wazima wenye nia njema kwamba lazima awepo. Mkimwalika, mpangieni saa ya kufunga, si ya kufungua. Ufunguzi unaosubiri gari la mkubwa unaweza kula saa mbili za kwanza, ambazo ndizo akili za watu bado mpya, na kila mada inayofuata inakatwa.

Sasa nirudi kwenye lile lililokuuma. Mwaka 1985 Mmarekani mmoja, Harrison Owen, aliyekuwa amechoka kuandaa mikutano ambayo washiriki walisifia mapumziko ya chai kuliko vikao, alijaribu kufanya mkutano mzima uwe kama mapumziko yale: hakuna ratiba iliyopangwa, kuna ukuta mtupu, mtu anaandika jambo analotaka kulijadili na saa, anayelipenda anakwenda. Kanuni yake moja ni ya miguu: ukiona hapa hujifunzi na huchangii, nyanyuka nenda kwingine, na asionekane mtu kuwa na adabu mbaya. Mikutano ya BarCamp iliyoanza Palo Alto mwaka 2005 imejengwa juu ya wazo hilohilo. Sikushauri mfanye siku nzima hivyo mara ya kwanza, watu watapotea. Ila alasiri, kuanzia saa 8 hadi saa 10, ufanyeni ukuta huo.

Asubuhi nao wekeni ukuta wa pili. Mimi huuita Nimekwama. Karatasi na kalamu ziko mezani. Unaandika jambo lililokushinda na jina lako, unabandika. Anayedhani anaweza kusaidia anaandika jina lake chini yake. Basi. Mwaka mmoja binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliandika: “Malipo ya simu yanaingia mara mbili, mteja amelipa mara moja.” Chai haijapoa, chini yake kulikuwa na majina matatu. Mmoja alikuwa kaka anayetunza mfumo wa SACCOS. Walikaa ngazini nje ya ukumbi, laptopu kwenye mapaja, wakasoma msimbo mstari kwa mstari. Kumbe programu yake ilipopokea taarifa ya malipo ilikuwa inatuma kwanza SMS kwa mteja, ndipo inaujibu mfumo wa malipo. SMS ikichelewa, mfumo unaona haujajibiwa, unatuma taarifa ileile tena, na programu inaihesabu kama malipo mapya. Wakabadilisha mambo mawili: namba ya muamala ikawekwa kwenye safu ya hifadhidata isiyokubali kurudiwa, na jibu likatangulia, SMS ikafuata baadaye. Dakika 20. Mwaka uliofuata binti yule alikuja na mada kuhusu jambo hilohilo, na kaka wa SACCOS alikaa safu ya mbele.

Ili ngazi zile ziwe na watu, mapumziko yawe marefu. Nusu saa, si dakika kumi. Mada zikichelewa, kateni mada, msikate chai. Viti vingine vitoeni ndani mviweke nje kwa makundi ya vinne vinne. Na mfundisheni mshereheshaji kanuni ya Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa mikutano ya Write the Docs, ya watu wanaoandika maelezo ya programu: mkisimama kuongea, duara lenu liwe na mwanya, kama mdomo wa Pac-Man, yule wa mchezo wa kompyuta, ili mpita njia aingie. Akiingia, mnajisogeza na kufungua mwanya mwingine. Sisi tuliokula sinia moja tunaijua kanuni hii tangu utotoni: mtu akitokea, unasogea. Wale 25 wenu wapeni kazi hiyo kabisa, kila mmoja na mgeni wake mmoja au wawili, wawajue majina kabla ya saa 4.

Kanuni za maadili ziandikeni ukurasa mmoja, zisomwe asubuhi, na zitaje watu wawili wa kuendewa mtu akisumbuliwa, mmoja wao mwanamke. Kabla ya siku hiyo kaeni mkubaliane mtafanya nini malalamiko yakija, hata yakimhusu mzungumzaji au rafiki yenu. Dada asipokuwa na uhakika na hilo, haji, na hatawaambia kwa nini hakuja.

Na wewe mwenyewe, siku nyingine ukiwa mhudhuriaji, usiende mikono mitupu. Nenda na tatizo moja lililokushinda, msimbo uko tayari kufunguka bila intaneti. Chagua mada tatu tu za kusikiliza kwa makini. Zinazobaki ni ruhusa yako kukaa nje na kuongea. Kama kumwendea mtu usiyemjua ni mzigo, na kwa wengi wetu ni mzigo kweli, jitolee meza ya usajili: kila mtu analazimika kukusalimia na kukutajia jina lake, na mchana wanakukumbuka. Ukimsikia mtu amesema jambo lililokusaidia, andika jina lake na jambo hilo kwenye daftari, na umtumie ujumbe ndani ya siku mbili ukitaja jambo lenyewe. Salamu tupu hujibiwa kwa salamu tupu.

Mkishapata tarehe nijulisheni. Nipangieni zamu ya usajili, saa 1:30 hadi saa 3 asubuhi, na mniachie karatasi moja pale ukutani. Nina kazi moja ya kupanga majina ya Kiswahili kwenye ripoti ambayo imenishinda tangu mwezi uliopita, nitakuja nayo.